Kiti cha Mbele

Ndege ya asubuhi kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Eldoret haimalizi hata saa nzima angani. Ukibahatika kukaa dirishani unaliona Bonde la Ufa likifunguka chini yako, kisha ukuta wa Elgeyo unainuka mbele na nchi nzima inapanda kukufikia. Rubani hashuki sana. Tuligusa lami tukiwa bado zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, tukaenda mbio kwenye njia ya kurukia yenye urefu wa karibu kilomita tatu na nusu, na mlango ulipofunguliwa tukapokewa na baridi na harufu ya nyasi mbichi. Pande zote ni mahindi, ngano, ng'ombe wa maziwa na mabati mapya.

Kilichonileta ni ajali iliyotokea mbali sana na hapa. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, huko Voi, ndege ndogo ya viti viwili iliruka, ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili waliokuwemo walikufa. Wa kwanza alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza mwenye umri wa miaka 44, ambaye dunia nzima inamjua kupitia kitabu cha Karen Blixen, Out of Africa, na filamu ya mwaka 1985 ambamo Robert Redford aliigiza nafasi yake. Wa pili alikuwa Kamau.

Finch Hatton aliianza Kenya yake huku Uasin Gishu. Alikuwa mtoto wa ukoo wa kilodi, amesoma Eton na Oxford, na alipofika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1910 alinunua ardhi karibu na hapa panapoitwa Eldoret leo. Hakukaa kulima. Alimwachia mshirika shamba, yeye akashika bunduki na kwenda porini. Ndiyo maana nasema anayetaka kuielewa ajali ya Voi aanzie uwanda huu. Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa: ardhi na hewa.

Ardhi kwanza. Makaburu walifika kwenye uwanda huu mwaka 1908 wakiwa na magari ya kukokotwa na maksai, na serikali ya kikoloni ikawakatia wao na Waingereza mashamba kwa namba. Mji wenyewe ulimea kwenye shamba namba 64, na wazee wa hapa bado wanauita Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924. Leo ni jiji, lilipewa hati yake Agosti 2024, lina hospitali kubwa ya rufaa, vyuo vikuu na msongamano wa magari ambao ungewashangaza waliokuja na maksai. Lakini toka nje ya mji kidogo, utaona mistari ya mashamba yale bado imo: safu za miti iliyopandwa kuzuia upepo, nyumba moja kubwa ya mawe katikati ya viwanja vidogo vya ekari mbili tatu.

Nilishuka matatu Kapseret. Nje ya duka la pembejeo alikuwa ameketi mzee mmoja akisubiri mbolea yake ipakiwe kwenye bodaboda.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising. Karibu. Umetoka Nairobi?"

Tukazungumza juu ya mvua, bei ya mahindi na wanariadha, kama ilivyo ada huku. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya habari za walowezi na watumishi wao, alinyamaza kidogo, akaweka fimbo yake chini.

"Baba yangu alifanya kazi kwa Kaburu miaka mingi," akasema. "Kwenye daftari la mshahara alikuwa na jina moja tu. Tena walikuwa wanaliandika vibaya. Lakini kipande kilikuwa na kila kitu, mwanangu. Kabila, chifu, lokesheni, na hiki." Akainua kidole gumba chake cha mkono wa kulia, kilichopasuka kwa jembe, akakigandamiza kwenye gunia la mbolea kana kwamba palikuwa na wino. "Kilikaa ndani ya kisanduku cha bati. Alikivaa shingoni kama kengele ya mbuzi."

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa ukali baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kujiandikisha, kuchukuliwa alama za vidole na kutembea na cheti kilichoonyesha ametoka wapi, ameajiriwa na nani, kwa mshahara gani, na kama mwajiri amemwachia huru. Ukikamatwa bila kipande, unaingia jela au unatozwa faini. Mfumo ule ulidumu hadi baada ya Vita vya Pili.

Tafakari basi maana yake. Mwaka 1931 mwanamume Mkikuyu aliyeajiriwa na Mzungu, anayesafiri naye kutoka Nairobi hadi pwani, hakuweza kuwa mtu asiyejulikana. Serikali ilimjua mpaka mistari ya vidole vyake. Ilijua kijiji chake na chifu wake. Lakini katika vitabu vinavyosimulia ajali ya Voi ameingia kwa jina moja, Kamau, na mara nyingine hata hilo halimo: ni "mtumishi Mkikuyu" tu, au "boi". Kamau ni jina la maelfu ya watu. Kamau wa nani? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mama yeyote wa Kiambu au Murang'a angeuliza, na waliojua jibu hawakuona haja ya kuliandika.

Herufi za ndege yenyewe tunazo: G-ABAK. Hizo hazikupotea.

Sasa hewa. Aliyezoea pwani akifika Eldoret anahema akipanda ngazi, na injini nayo inahema vivyo hivyo. Kwenye kimo hiki hewa ina uzito wa takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na jua likishapanda inakuwa nyepesi zaidi. Injini isiyo na mtambo wa kushindilia hewa inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Rafadha inakosa cha kushika. Bawa nalo linahitaji mwendo mkubwa zaidi kabla halijaweza kubeba mzigo, ndiyo maana viwanja vya nyanda za juu vinahitaji njia ndefu. Wanariadha wa Iten wanaitumia hewa hii kujenga pumzi. Marubani wa mwanzo wa Kenya waliikabili kwa mashine ambazo leo usingekubali kumpandisha mwanao.

Ndege ya Finch Hatton ilikuwa Gipsy Moth, kazi ya kiwanda cha de Havilland cha Uingereza. Mabawa yake, mawili juu na mawili chini, ni fremu za mbao zilizovikwa kitambaa na kupakwa dawa ya kukikaza. Yanakunjika kwenda nyuma ili ndege iweze kulala ndani ya banda dogo. Injini ni ya silinda nne, nguvu za farasi zipatazo 100, ambayo leo ni injini ya gari dogo la familia. Haina paa wala redio. Viti viwili vimefuatana, kimoja nyuma ya kingine, na upepo unakupiga usoni safari nzima. Rubani anakaa nyuma. Abiria anakaa mbele, katikati ya mabawa, na juu ya kichwa chake, ndani ya bawa la juu, ndiko liliko tangi la petroli.

Kwa mpango huo Kamau alikaa mbele. Alikuwa wa kwanza kuiona ardhi ikija, na petroli ilikuwa juu yake.

Ndege kama ile inakuwa hatarini zaidi ikiwa bado chini na inageuka. Bawa linabeba ndege kwa sababu hewa inalifuata juu na chini bila kukatika. Ukilaza ndege ubavu ili kugeuka, sehemu ya nguvu ile inakwenda pembeni, na bawa linalazimika kufanya kazi ya ziada: ukiilaza kwa nyuzi 60, linabeba uzito mara mbili. Mwendo ukiwa mdogo, hewa inaachana na bawa ghafla, upande mmoja unadondoka na pua inaelekea chini. Ukiwa mita 1,000 juu unaweza kuiachia ndege ikashika kasi, ukainyanyua tena. Ukiwa mita 60 huna nafasi hiyo.

Voi, mwezi wa Mei, ilikuwa mahali pa tembo. Finch Hatton alikuwa amewahi kumwongoza mwana mfalme wa Uingereza, Prince of Wales, kwenye safari za uwindaji mwaka 1928 na tena mwaka 1930, na alikuwa ameona kwamba ndege inaweza kuwatafuta tembo kwa asubuhi moja mahali ambapo wasaka nyayo wangetembea wiki. Alikwenda pwani, ambako alikuwa na nyumba Takaungu, kisha akaenda Voi na kulala kwa mkuu wa wilaya. Asubuhi yake akaruka kurudi Nairobi.

Kuna jambo katika vitabu viwili vya wanawake wawili waliomjua ambalo limenikaa moyoni tangu nilipovisoma kwa kufuatana. Karen Blixen anaeleza kwamba alimwomba Finch Hatton amchukue safari ile. Kwanza alikubali, kisha akakataa, akisema njia ya Voi ingekuwa ngumu, huenda wangelala porini, na angelazimika kuwa na mtumishi Mwafrika. Beryl Markham, rubani aliyekuja kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, naye anaeleza katika West with the Night kwamba alialikwa, na kwamba mwalimu wake Tom Campbell Black alimsihi asiende siku hiyo.

Ndege ina kiti kimoja tu cha abiria. Wanawake wawili walikikosa kiti kile kwa tofauti ya siku na maneno machache, na kila mmoja aliishi akaandika kitabu ambacho bado kinauzwa katika viwanja vya ndege. Aliyekikalia ni Kamau. Alikikalia kwa sababu kulala porini kunahitaji mtu wa kukusanya kuni, kuchemsha chai na kulinda ndege usiku. Ilikuwa kazi yake. Sioni heshima gani nyingine inayohitajika ili mtu astahili jina kamili.

Hakuna anayeweza kusema zama zile hazikuwa na desturi ya kuhifadhi majina ya waliokufa kwa ndege. Miaka mitatu kabla ya Voi, tarehe 12 Machi 1928, Maia Carberry, mmoja wa marubani wa kwanza wa kike nchini, alianguka Nairobi akimfundisha mwanafunzi kuruka. Walikufa wote wawili. Mwanafunzi aliitwa Dudley Cowie. Ajali ndogo, ndege ndogo, watu wawili, kama Voi, na majina yote mawili yamefika kwetu yakiwa kamili. Ndege ya kwanza kusajiliwa Kenya, ambayo mume wa Maia aliileta mwaka 1926, ilipewa jina Miss Kenya, na mpaka leo imehifadhiwa Uingereza kwenye jumba la makumbusho ya ndege za kale. Wilson nilikopandia asubuhi kuna jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la ndege mwaka 1929. Uwanja ulibadilishiwa jina kwa heshima yake mwaka 1962. Alistahili. Nasema tu kwamba kukumbuka kulikuwa kunawezekana.

Vilima vya Ngong nimewahi kufika. Kaburi la Finch Hatton liko kwenye miteremko ya mashariki, mahali alipopachagua Blixen, na kaka wa marehemu alisimamisha nguzo ya mawe yenye bamba la maneno ya mshairi Coleridge. Pana bustani, pana ua, na wageni hutoka mbali kuja kupiga picha. Blixen ameandika hata habari za simba waliokuwa wakilala juu ya kaburi lile baada ya maziko. Nilisimama pale muda mrefu. Simlaumu marehemu, alikufa kifo kibaya, na waliompenda walifanya wanachofanya wapendanao. Lakini nilipolisoma bamba lile herufi kwa herufi, nikiitafuta hata ishara kwamba hakuwa peke yake, niliona uchungu ambao haujaniondoka. Simba wameandikwa. Kamau hayumo.

Kesho yake baada ya kufika Eldoret, nilipanda gari la Iten. Kutoka Eldoret ni kilomita thelathini na ushee, na barabara imejaa vijana wanaokimbia kwa makundi, miguu ikigonga kando ya lami kwa mpigo mmoja. Ukipita mji wa Iten dunia inakatika. Uko juu ya mita 2,300 na chini yako, kwa zaidi ya kilomita moja, ni Bonde la Kerio lenye joto, miiba na ukungu wa bluu. Niliikalia miamba ile nikitazama kaskazini, upande wa Marakwet.

Huko, mahali paitwapo Sindar, ndiko ilikoanguka helikopta ya jeshi alasiri ya tarehe 18 Aprili 2024. Ilikuwa imetoka kuruka kwenye shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Ndani yake alikuwemo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, aliyekuja kuona askari wa operesheni ya usalama na shule zilizofungwa kwa sababu ya ujambazi, na ambaye ratiba yake ilikuwa bado inamleta Uasin Gishu kukagua chuo cha kufundishia makurutu. Kati ya watu 12 waliokuwemo, walikufa 10.

Nakumbuka tulivyozipokea habari zile. Kabla siku hazijapita nyingi, nchi nzima ilikuwa na orodha, na haikuwa na jina la jenerali peke yake. Brigedia Swale Saidi. Kanali Duncan Keittany. Luteni Kanali David Sawe. Meja George Benson Magondu. Kapteni Sora Mohamed. Kapteni Hillary Litali. Sajenti Mwandamizi John Kinyua Muriithi. Sajenti Cliphonce Omondi. Sajenti Rose Nyawira. Redio zilisoma majina yote na vyeo vyote, magazeti yakachapa picha, na kila familia ikazika mtu wake na watu wakijua anazikwa nani. Hakuna aliyesema, "Jenerali Ogolla na wasaidizi wake," akanyamaza hapo.

Hivi ndivyo inavyopasa kuwa. Mauti ya angani hayabagui viti. Moto wa petroli haujui nani ni mtoto wa lodi na nani amebeba birika. Kama taifa tulifanya haki kwa Sindar mwaka 2024, tunaweza kuifanya kwa Voi hata baada ya karibu miaka mia moja, na sidhani kwamba ni kazi isiyowezekana.

Mafaili ya utawala wa wilaya za kikoloni yako kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi. Chuo chochote chenye idara ya historia, kuanzia Chuo Kikuu cha Moi hapa hapa Eldoret, kinaweza kumpa mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili kazi ya kufuatilia mtu mmoja: mwanamume Mkikuyu, mtumishi wa safari, aliyekufa Voi tarehe 14 Mei 1931. Na kabla ya mafaili kuna nyumba. Wakikuyu huwaita wajukuu kwa majina ya babu zao, kwa hiyo jina lile halikufa pale Voi. Huenda liko darasani leo Kikuyu, Limuru au Kangema, limebebwa na mtoto asiyejua amelipokea kutoka wapi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta, pamoja na Makavazi ya Kitaifa, isimamishe jiwe pale Voi lenye majina ya watu wawili na tarehe moja. Na wewe msomaji, kama kwenu kuna hadithi ya babu au ndugu wa babu aliyefanya kazi na Wazungu wa safari, akaondoka kwa ndege na hakurudi, usiiache iishie jikoni. Muulize aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, wiki hii, alikuwa Kamau wa nani. Liandike jina la baba yake na la kijiji chake, ulipeleke kwa wanaotunza kumbukumbu, ili siku jiwe litakapochongwa, jina hilo liwe tayari.